Redio ya zamani ya transista haishiki stesheni: je, koili zimehama?

"Nina redio ndogo ya mkononi ya transista saba, ya miaka ya 1960, bendi ya MW (masafa ya kati) pekee, inayotumia betri ya volti 9 ya pini mbili. Mchana inashika stesheni moja tu, tena kwa mbali. Usiku zinaongezeka kidogo. Nikipandisha sauti inaanza kutoa mlio wa put-put-put. Rafiki yangu anasema koili zimehama, nizungushe vile viini vya rangi mpaka sauti ipande. Nilizungusha cha njano nusu mzunguko, sikuona tofauti kubwa, nikaacha. Mwingine ananishauri nitoe transista zote niweke za silikoni. Vifaa nilivyonavyo ni mita ya dijitali na pasi ya solda. Nianzie wapi bila kuiharibu?"

Ndugu msomaji, anza kwa kurudisha kiini cha njano, yaani kile kipande cha feraiti kinachozungushwa ndani ya koili, kilipokuwa: nusu mzunguko kwa upande wa pili, polepole, kwa kifaa cha plastiki na si bisibisi ya chuma. Ulifanya vyema kuacha mapema. Nusu mzunguko unaoukumbuka unarudishika. Viini vitatu vilivyozungushwa bila hesabu ni kazi nyingine kabisa, na huwezi kuimaliza kwa mita peke yake.

Unachotaka kujua ni kwa nini redio haishiki, na kama dawa yake ni kuseti koili, yaani kuzipanga upya kwenye masafa yake, au kubadili transista. Kwa dalili ulizozieleza, naona si koili wala si transista zote. Mlio wa put-put unaotokea sauti inapopandishwa ni alama ya kapasita za elektroliti zilizokauka, au betri iliyochoka, au vyote viwili. Koili iliyosetiwa kiwandani haihami yenyewe. Kiini chake kimeshikiliwa na nta au mpira, waya wake haubadiliki, na redio nyingi za umri huo bado zimesetiwa karibu sawa na siku zilipotoka kiwandani. Koili huharibika mpangilio kwa sababu tatu hivi: mkono wa mtu, kapasita ndogo iliyofichwa ndani ya kikopo cha bati kinachofunika koili kufa, au sehemu ya jirani kubadilishwa. Ndiyo maana kuseti ni kazi ya mwisho, baada ya kila kitu kingine kuthibitishwa kuwa kizima. Ukiseti redio yenye kapasita mbovu utakuwa umeipanga kulingana na ugonjwa wake, na siku utakayoiponya itabidi uanze upya.

Ili hatua zinazofuata zieleweke, fahamu kwanza redio hii inavyofanya kazi. Fimbo nyeusi ya feraiti yenye koili juu yake ndiyo antena ya MW. Ile antena ya kuvuta, kama ipo, haina kazi kubwa kwenye bendi hii. Transista ya kwanza ina kazi mbili kwa wakati mmoja: inazalisha masafa yake yenyewe, yaani ni oskileta, na inayachanganya na masafa ya stesheni. Mshale ukiwa kwenye kilohezi 1000, oskileta inapaswa kutoa 1455. Tofauti yake, 455, ndiyo inayopitishwa mbele. Ukihamia 600, oskileta inashuka hadi 1055, na tofauti inabaki 455 ile ile. Masafa hayo yasiyobadilika ndiyo mafundi wanayoyaita IF. Transista mbili zinazofuata huyakuza yakipita kwenye vikopo vitatu vya bati, dayodi inatoa sauti ndani yake, potenshomita inapima sauti iende kiasi gani, kisha transista zilizobaki zinaikuza sauti hiyo mpaka spika. Mbili za mwisho hufanya kazi kwa kupokezana, moja ikisukuma na nyingine ikivuta.

Rangi ulizoziona zina maana. Kwa utaratibu ulioenea kwenye redio za Japani, kiini chekundu ni cha oskileta, cha njano ni IF ya kwanza, cheupe ya pili, cheusi ya mwisho. Redio nyingi za Ulaya hazifuati rangi hizo. Wala usichukulie kwamba kila redio ni 455. Redio za Uingereza mara nyingi ni 470, na Regency TR-1 ya Marekani, iliyotoka mwaka 1954 ikiwa redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, ilitumia IF ya 262 na betri ya volti 22.5. Angalia karatasi iliyobandikwa ndani ya mfuniko wa nyuma. Mara nyingi mchoro wa sakiti na namba ya IF vimo humo.

Kwa nini basi ulipozungusha kile cha njano hukuona tofauti? Sababu iliyo karibu zaidi ni sakiti ya AGC, ambayo hupunguza ukuzaji stesheni inapokuwa na nguvu na kuuongeza inapodhoofika. Ukiwa kwenye stesheni pekee inayoshika, unapoharibu koili kidogo AGC inafidia, na sikio haligundui. Watu wengi huharibu redio namna hiyo: wanazungusha, hawasikii kitu, wanazungusha zaidi, na stesheni hafifu zote zinapotea bila wao kujua.

Kabla ya kufungua chochote, chukua redio nyingine inayofanya kazi, iweke mahali pale pale saa hizo hizo za mchana, uhesabu stesheni inazoshika kwenye MW. Stesheni nyingi za MW zimefungwa katika nchi nyingi, na huenda hazipo zaidi ya mbili. Tofauti ya mchana na usiku nayo si ugonjwa: mchana tabaka la chini la anga lenye chaji hufyonza mawimbi ya MW, usiku tabaka hilo linafifia, na mawimbi yanaakisiwa na tabaka la juu na kufika mbali. Zima pia taa za LED na chaja za simu zilizo karibu, kwa sababu kelele zake zinaweza kufunika stesheni hafifu hata kwenye redio nzima kabisa.

Sasa betri. Weka mpya, na upime volti zake redio ikiwa imewashwa, kwani betri iliyochoka huonyesha volti 9 ikiwa haina mzigo kisha huporomoka ikipewa kazi. Ikiwa kuna ukoko uliovuja, utambue kabla ya kuusafisha. Betri za kawaida za zinki na kaboni huacha uchafu wenye asidi, unaosafishwa kwa maji yenye magadi ya kuokea. Betri za alkalini huacha unga mweupe wa kibesi, unaosafishwa kwa siki. Tumia kipande cha pamba, maji kidogo sana, kisha futa kwa spiriti na uache pakauke. Waya mweusi wa kishikio cha betri mara nyingi umeliwa ndani ya ganda lake mpaka umekuwa kijani. Ukiukuta hivyo badilisha kishikio chote. Usikosee chanya na hasi hata kwa sekunde moja. Transista za jemaniamu na kapasita za elektroliti hazivumilii kugeuziwa umeme.

Kipimo cha umeme unaotumika kitakueleza mengi kuliko kingine chochote ulicho nacho. Weka mita kwenye miliampea 200. Shikiza pini moja ya betri kwenye kishikio, pini nyingine uiache nje, kisha weka ncha za mita kati ya pini hiyo na kishikio. Sauti ikiwa chini kabisa, redio ya transista saba inapaswa kula kati ya miliampea 5 na 15 hivi. Ukipandisha sauti kwenye stesheni, namba iruke pamoja na maneno, ifike 30 au zaidi. Ikiwa sifuri, tafuta swichi, waya au mpasuko kwenye bodi. Ikiwa ni 60 na kuendelea huku redio ikiwa kimya, zima mara moja: kuna kapasita inayovujisha, au transista ya mwisho imeungua. Ikiwa ni miliampea 8 lakini redio haishiki, sehemu kubwa ya sakiti bado nzima, na shida iko kwenye njia ya mawimbi au ya sauti.

Halafu tenga upande wa sauti na upande wa redio. Chukua simu au kifaa chochote chenye tundu la spika za masikio, unganisha waya wa ardhi kwenye ardhi ya bodi, na waya wa sauti upitishe kwenye resista ya kiloomu 10 ikifuatana na kapasita ya mikrofaradi 0.1 hadi mguu wa juu wa potenshomita ya sauti. Cheza muziki kwa sauti ya wastani. Ukisikika safi na kwa nguvu kwenye spika, upande wa sauti ni mzima, na unatafuta ugonjwa nyuma ya hapo. Ukisikika kwa mbali, kwa kukwaruza au kwa put-put, ugonjwa ni wa sauti na hauna uhusiano wowote na koili.

Put-put inatokea hivi. Transista za mwisho zinapovuta umeme mwingi, volti za betri zinashuka kidogo. Kapasita kubwa iliyo sambamba na betri, mara nyingi ya mikrofaradi 100, kazi yake ni kuwa akiba ya kuziba pengo hilo. Ikikauka, mshuko wa volti unafika mpaka transista za mwanzo, zinautafsiri kama sauti, zinaukuza na kuurudisha mwisho, na mzunguko unajirudia mara chache kwa sekunde. Jaribu: shikiza kwa muda kapasita mpya ya mikrofaradi 220, volti 16, sambamba na nyaya za betri baada ya swichi, chanya kwa chanya. Put-put ikikoma, umempata mhalifu, na hujatoa hata solda moja.

Kwa redio ya umri huo nashauri ubadilishe kapasita zote za elektroliti, si hiyo moja tu, kwa kuwa zilizalishwa pamoja na zimekauka pamoja. Ile inayopeleka sauti kutoka potenshomita kwenda transista inayofuata, mara nyingi mikrofaradi 1 hadi 10, ikikauka sauti inakuwa nyembamba na ndogo. Ile iliyo sambamba na resista ya mguu wa imita wa transista ya sauti, mikrofaradi 30 hadi 100, ikikauka ukuzaji unaporomoka. Ile ya AGC, mara nyingi mikrofaradi 10, ikikauka redio inapiga miluzi kila unapopita kwenye stesheni, au sauti inakunjamana. Namba za zamani hazipatikani tena, hilo lisikusumbue: mahali pa 3 weka 3.3, pa 30 weka 33, pa 50 weka 47. Volti ziwe sawa na za awali au zaidi. 16 zinatosha redio ya volti 9. Kapasita nyingine, zile bapa za kauri na za plastiki za mikrofaradi 0.01 au 0.04, ziache. Hufa mara chache, na kuzing'oa bila sababu kunaumiza bodi.

Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Transista nyingi za jemaniamu ni za aina ya PNP, na katika redio hizo mara nyingi chanya ya betri ndiyo iliyounganishwa na ardhi ya bodi. Kwa hiyo utakuta mguu wa chanya wa kapasita umeelekea ardhini, kinyume na ulivyozoea kwenye vifaa vya sasa. Usifikiri kwa mazoea. Piga picha bodi pande zote mbili, toa kapasita moja, weka mpya yake, washa redio usikilize, ndipo uende kwa inayofuata. Ukibadilisha saba kwa mkupuo na redio ikanyamaza, hutajua ni ipi uliyoigeuza.

Bodi za zamani ni za karatasi na resini, na njia zake za shaba hubanduka zikipata joto jingi. Pasi ya wati 25 hadi 30 yenye ncha safi inatosha. Gusa sekunde mbili au tatu, vuta solda kwa utambi wa shaba, na kama haikuachia subiri ipoe ndipo urudie. Unapolehemu karibu na mguu wa transista, ubane mguu huo kwa koleo ndogo au kibanio cha chuma kati ya solda na mwili wake ili joto liishie hapo.

Potenshomita inayokwaruza isafishwe kwa dawa ya kusafisha viunganishi vya umeme, tone au mawili ndani, kisha uizungushe mwanzo hadi mwisho mara ishirini hivi. Usitumie mafuta ya kulegeza kutu. Na dawa hiyo isifike kwenye kapasita ya kutafutia stesheni ikiwa ni ile iliyofunikwa kwa plastiki: ndani yake kuna karatasi nyembamba za plastiki kati ya mabamba, na kimiminika kikiingia kinabadilisha ujazo wake na kuvuruga kibao chote cha namba. Zile za wazi, zenye mabamba ya alumini yanayoonekana, zisafishwe vumbi kwa brashi laini, na tone moja la dawa liwekwe pale ekseli inapogusa kiunganishi cha ardhi.

Kuhusu transista za silikoni: usifanye hivyo. Sakiti ya jemaniamu imepangwa kuipa kila transista volti 0.1 hadi 0.3 kati ya miguu yake ya beisi na imita. Silikoni inahitaji kama 0.6 ndipo ianze kupitisha umeme, kwa hiyo ukiichomeka tu itakaa kimya mpaka ubadilishe resista zake pia. Kwenye IF kuna tatizo lingine. Redio nyingi zina kapasita ndogo sana ya kusawazisha uwezo wa ndani wa transista ile ile ya zamani; ukiweka ya kisasa yenye ukuzaji mkubwa, usawa unavunjika na hatua nzima inageuka kuwa filimbi. Badala yake pima volti hizo kwa mita, transista moja baada ya nyingine. Ukikuta 0.1 hadi 0.3, iache. Ukikuta volti nzima kati ya beisi na imita, hiyo imekatika ndani. Ya kwanza peke yake inaweza kuonyesha namba ya ajabu kwa sababu oskileta yake inafanya kazi, kwa hiyo usiihukumu kwa kipimo hicho.

Kuna familia moja ambayo kweli ina ugonjwa wa kuzaliwa nao: AF114, AF115, AF116 na AF117, zenye miguu minne, zilizotumika sana Ulaya. Ndani ya kikopo chake huota nyuzi nyembamba za bati zinazogusisha kikopo na vipande vya ndani. Mguu wa nne ni wa kikopo, umeunganishwa na ardhi. Ukiukata mguu huo, mara nyingine transista inarudi kazini, mradi ni kipande kimoja tu kilichoguswa. Zikiguswa sehemu mbili kwa pamoja, tafuta nyingine ya jemaniamu ya kazi hiyo hiyo.

Baada ya hayo yote, kwa jinsi ulivyoeleza, natarajia put-put iwe imeisha na stesheni zimeongezeka. Zikiwa zimefikia zile za redio yako nyingine, au karibu, funga mfuniko. Usiguse koili. Redio ndogo yenye fimbo fupi ya feraiti haitawahi kulingana na kubwa yenye fimbo ndefu.

Kama bado haishiki, hakikisha oskileta inafanya kazi. Weka mshale wa redio yako kwenye 1000, iwashe, isogeze kandokando ya redio nyingine ya MW, na kwenye hiyo nyingine pita taratibu kwenye 1455. Unapaswa kusikia kelele za hewani zikizimika ghafla, au mluzi ikiwa kuna stesheni hapo karibu. Zungusha kitafutio cha redio yako kidogo. Hali hiyo ikihama nayo, umesikia oskileta yako mwenyewe. Ikiwa redio ya kusikilizia ina namba za dijitali, tayari una kipima masafa cha kutosha. Lakini usijaribu kinyume chake, yaani kutumia oskileta ya redio ya dijitali kusetia ya zamani, kwa sababu redio za chipu za DSP, zinazochakata mawimbi kidijitali, mara nyingi hazitumii IF ya 455 na utapotoka.

Kuseti kwenyewe kunafuata mpangilio mmoja: IF kwanza, oskileta ya pili, antena ya mwisho. Tengeneza bisibisi ya plastiki kwa kuchonga sindano ya kufumia iliyo ngumu. Ya chuma ina hasara mbili: inabadilisha koili ikiwa karibu, hivyo ukiiondoa mpangilio unarudi nyuma, na inavunja kiini, kwani feraiti hupasuka kwa msukumo mdogo wa pembeni. Kiini kisichotembea kipashwe joto kwa kikausha nywele. Kikikataa tena, kiache. Kabla ya kugusa, weka alama ya kalamu kwenye kiini na kwenye kikopo.

Mwenye jenereta ya masafa, yaani kifaa cha kutoa mawimbi ya majaribio, hutuma 455 yenye mlio wa hezi 400 au 1000 kupitia mzingo wa waya uliowekwa karibu na fimbo ya feraiti, redio ikiwa mwisho wa chini wa kibao pasipo stesheni. Mita huwekwa kwenye volti za AC sambamba na spika. Nguvu ya jenereta ipunguzwe mpaka mita isome kama nusu volti sauti ikiwa juu, ili AGC isiamke na kuficha kilele. Anza na cheusi, kisha cheupe, kisha cha njano, kila kimoja mpaka kilele, halafu rudia mzunguko wote. Kikopo kisichoonyesha kilele popote, kiini kikienda juu hadi chini, kwa kawaida kina kapasita iliyokufa kwenye kitako chake.

Wewe huna jenereta, kwa hiyo kwenye IF nakushauri ukague tu. Mchana, si usiku, tafuta stesheni hafifu iliyotulia. Usiku mawimbi hupanda na kushuka yenyewe, na utadhani ni mkono wako. Sogeza kiini kimoja kwa upana wa robo mzunguko kila upande, na kama kilele kilikuwa pale pale, kirudishe. Vyote vitatu vikiwa kwenye kilele kimoja, hata kama ni 452 au 458, redio itafanya kazi vizuri. Namba za kibao hurekebishwa na oskileta.

Oskileta unaweza kuiseti bila jenereta. Hakikisha kwanza mshale haujateleza kwenye kamba: kapasita ikiwa imefungwa kabisa, mshale uwe mwisho wa chini wa kibao. Weka mshale kwenye 600, sikiliza kwenye redio ya pili 1055, na zungusha kiini chekundu mpaka oskileta isikike hapo. Peleka mshale 1100, sikiliza 1555, na sasa urekebishe trima ya oskileta, si kiini. Rudi 600, kwani kila moja inaivuta nyingine, na rudia mara tatu au nne mpaka zote mbili zitulie. Trima ni skrubu ndogo nyuma ya kapasita ya kutafutia. Ile inayohamisha stesheni mahali pake ni ya oskileta. Ile inayobadilisha nguvu tu bila kuhamisha stesheni ni ya antena. Ukikuta stesheni ile ile inatokea kwenye nafasi mbili za trima, chagua ile ambayo trima imefunguka zaidi. Nyingine ni kivuli, oskileta ikiwa chini ya stesheni badala ya juu yake.

Antena humalizwa kwa sikio na mita. Kwenye stesheni hafifu karibu na 600, legeza nta na utelezeshe koili kwenye fimbo ya feraiti mpaka nguvu ifike kilele. Kabla ya kulegeza unaweza kujua inataka kwenda wapi: sogeza kipande kingine cha feraiti karibu na koili, sauti ikipanda, koili inataka kusogea katikati ya fimbo. Kisha sogeza pete ya shaba iliyofungwa. Sauti ikipanda kwa hiyo, koili inataka kwenda nje, kuelekea ncha. Sauti isipopandishwa na chochote kati ya hivyo viwili, koili iko mahali pake. Kwenye stesheni karibu na 1400, seti trima ya antena kwa kilele, rudi 600, kisha gandisha koili kwa tone la nta. Waya wa koili hiyo ni nyuzi nyingi nyembamba kuliko unywele; ukikata hata chache redio inapoteza sehemu ya usikivu wake, kwa hiyo usiushike kwa ncha za vidole wala kuukunja.

Mpelekee fundi redio hii ikiwa fimbo ya feraiti imevunjika, ikiwa kiini cha IF kimepasuka ndani ya kikopo, ikiwa volti zote ni sawa lakini oskileta haisikiki, au ikiwa transfoma ya sauti imekatika. Muulize kabla hajafungua kama ana jenereta ya masafa, na kama ana transista za jemaniamu za kubadilishia. Asiye navyo anaweza kukurekebishia sauti vizuri, lakini usimwachie koili. Mwandikie kwenye karatasi miliampea ulizosoma sauti ikiwa chini na ikiwa juu, kapasita ulizobadilisha, na viini ulivyogusa. Na ikiwa redio yako ina pia tundu la umeme wa ukutani, ichomoe kabisa kabla ya kufungua mfuniko na usipime chochote ikiwa imechomekwa, kwa sababu baadhi ya redio za zamani zilipitisha umeme huo moja kwa moja hadi kwenye bodi, na vipimo vyote hapo juu ni vya betri pekee.